Risala ya Kikundi cha Wanawake wa Kata kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu wa Viti Maalum, Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, akina mama wenzetu, na akina baba mliotusindikiza: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kikundi chetu kilianza kama upatu chini ya mwembe. Historia nyingine imo kwenye katiba yetu, hatutaki kukuchosha. Mafanikio ni makubwa mno: tunakopeshana, tuna sare kama unavyoziona, na tunakodisha viti na maturubai, hivi ulivyokalia leo vikiwa vya bure.

Mheshimiwa, wewe kukaa hapo mbele si jambo dogo. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi miaka ya 1950 akiwaingiza wanawake TANU, lakini kiti cha Spika kilimpata mwanamke wa kwanza, Mama Anna Makinda, mwaka 2010, na Ikulu ikampata Mama Samia mwaka 2021. Binti zetu wameikuta picha ya Rais mwanamke ofisini kwa mkuu wa shule na hawashangai, sisi tungeshangaa. Wala haikuwa picha tu. Novemba mwaka huohuo, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi. Wa kwetu wapo waliorudi.

Walirudi, wakakuta njia ni ileile. Sekondari iko mbali. Wengine wamepanga mageto, mtoto wa miaka 14 anajipikia na kujifungia mlango mwenyewe. Wengine wanategemea lifti ya bodaboda, na bei yake tusiitaje mbele ya watoto hawa.

Boma la bweni tumelijenga wenyewe. Tulifyatua matofali, tukasomba mchanga kichwani, likaishia kwenye lenta. Leo wanalala mbuzi. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi bati. Wa pili aliahidi mbao, tukamvisha khanga. Wa tatu alisema liko kwenye mchakato. Hatulalamiki, Mheshimiwa, tunakumbusha tu kwamba wote walikula hapa na mchele ulikuwa wetu. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenzetu, na huyo ndiye aliyetuuma zaidi, maana yeye hatukumweleza shida, tulidhani anaijua.

Ibara ya 66 ya Katiba ya Tanzania inataka wabunge wanawake wa Viti Maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Watatoka wapi, kama wa kwetu wanaishia kidato cha pili?

Ombi letu ni moja: mbao, bati, milango na madirisha ya bweni hilo. Makisio ya mhandisi wa halmashauri tumeyaambatisha.

Zawadi yako ya kitenge ipo. Kabla hujakabidhiwa, katibu atakuletea daftari. Tunakuomba utakachoahidi ukiandike kwa mkono wako, uweke tarehe na saini, na Mtendaji agonge mhuri.

Tunaomba kuwasilisha.