Taka za sokoni ziwe gesi ya kupikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kuzalisha umeme kutokana na taka za Dar es Salaam. Wanaotaka tujenge mtambo wa kuchoma taka hutaja ule wa Reppie, Addis Ababa, uliozinduliwa mwaka 2018. Uwezo wake ni takribani megawati 25. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina megawati 2,115. Kwa gridi ya Taifa, basi, taka hazitaziba pengo kubwa, na mradi usipigiwe debe kwa hoja hiyo.

Tazama pia kinachotupwa. Pale soko la ndizi Mabibo, malundo ya mikungu, majani na ndizi zilizooza huchuruzika maji, masika ndiyo usiseme. Taka mbichi namna hii haziwaki vizuri. Moto hutumia nguvu nyingi kukausha maji kwanza. Kwenye mtambo wa bayogesi, yaani gesi itokanayo na taka zinazooza, unyevu huohuo ndio unaotakiwa, na masalia yake ni mbolea.

Nashauri halmashauri zianze na masoko makubwa. Taka za vyakula zitengwe palepale kabla hazijachanganyika na plastiki, na gesi wapewe mama lishe na shule za jirani zinazopikia mkaa. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Fedha za kuanzia zitoke kwenye ada ya taka, ambayo wafanyabiashara wanailipa tayari.

Msomaji wenu,
Ubungo, Dar es Salaam