Vitabu vya hadithi vitoke kabatini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme na walimu wenzetu wa P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu la shule ya msingi hapa Uganda, na hasa na walimu wakuu wanaoshika funguo za makabati.

Vitabu vya hadithi vikifika shuleni hupigwa mhuri, huandikwa kwenye daftari la mali, kisha hufungiwa. Tunaielewa hofu hiyo, maana kitabu kikichanika mwalimu mkuu ndiye wa kuulizwa. Lakini mtoto hawezi kujifunza kusoma kwa kitabu asichokigusa, na kitabu kilichofungiwa nacho huliwa na panya na mchwa.

Vikishatoka, makosa mengine huanza. Darasa la watoto 90 linapewa vitabu 10, na kila kimoja kinazungukwa na watoto tisa. Anayekiona sawasawa ni mmoja au wawili. Waliokaa ng'ambo wanaona herufi zimepinduka, na mtoto ambaye bado anachanganya n na u, au b na d, anazidi kuvurugika. Afadhali darasa ligawanywe mafungu matano ya watoto 18. Kila siku fungu moja lishike zamu: wawili wawili, bega kwa bega, kitabu kimoja katikati. Vitatumika tisa, kimoja kibaki akiba. Wengine wachore au wanakili sentensi ya ubaoni. Ikifika Ijumaa kila mtoto atakuwa amefunua kurasa kwa mkono wake.

Kwa darasa zima kinahitajika kitabu kikubwa, nacho hutengenezwa na mwalimu mwenyewe. Karatasi nne za manila zikikatwa nusu hutoa kurasa nane. Toboa matundu matatu pembeni, shona kwa uzi wa magunia. Kila ukurasa uwe na picha moja na sentensi moja ya maneno matatu hadi sita, herufi zenye kimo cha sentimita nne au tano. Tumia wino mweusi; mwekundu hauonekani vizuri kutoka nyuma. Kabla ya kipindi kitundike ubaoni, nenda ukasimame ukuta wa nyuma. Ukikodoa macho, andika upya.

Kitabu hicho kimoja kinatosha wiki nzima. Jumatatu onyesha jalada tu, watoto wabashiri kitakachotokea, kisha usome hadi mwisho bila kuwakatiza kwa maswali. Jumanne soma tena ukipitisha kijiti chini ya kila neno. Kijiti kikitangulia sauti, au kikichelewa, mtoto hawezi kujua ni neno lipi linalotamkwa, na hapo ndipo kukariri kunapozaliwa. Darasa zima huitikia hadithi kwa sauti moja, macho darini, mgeni akapita dirishani akadhani wote wanasoma.

Jumatano chukua sauti moja iliyojirudia katika hadithi, mtafute silabi zake. Alhamisi ndiyo siku ya kupima. Andika sentensi ya hadithi kwenye kipande kirefu cha manila: Kuku amekula mahindi ya bibi. Kata neno neno, wapange. Kisha badilisha nafasi ya kuku na bibi. Mtoto anayesoma atacheka. Anayekariri atarudia sentensi ya jana, nawe utajua wa kumrudisha kwenye silabi. Ijumaa ni ya kusimulia na kuchora.

Jambo moja la huku kwetu linahitaji uangalifu. Tangu mtaala wa mada, yaani unaopanga mafunzo kwa mada badala ya masomo, ulipoanza mwaka 2007, madarasa haya hufundishwa kwa lugha ya mahali. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiganda akishika hadithi ya Kiswahili huja na kanuni zake. Kwa Kiganda l na r ni sauti moja, na r huandikwa baada ya e na i tu; kwa hiyo kula na kura kwake ni neno lile lile. K ikifuatwa na i huitamka karibu na ch, na kiti kinakuwa "chiti". Asipigiwe kelele kwa hilo, kwani anafuata alichofundishwa. Weka picha mbili, mtu anayekula na mtu anayepiga kura, asome neno na kuonyesha picha yake. Dakika tano za kipindi cha dakika 30 zinatosha, zikirudiwa kila siku.

Kuhusu vitabu kuchakaa: jalada lifungwe kwa karatasi ya nailoni, watoto wanawe mikono baada ya uji, na watoto wawili wa zamu wavihesabu kabla ya kengele. Walimu wakuu wanaweza kuongeza safu moja katika daftari la mali, yenye kichwa "kimechakaa kwa kusomwa", ili mwalimu wa darasa aandike hivyo bila kuogopa kukatwa mshahara.

Walimu wa P1 hadi P3,
Bombo, Luweero.