Hasira za mwalimu mbele ya mwanafunzi mkorofi

Ndugu Mhariri,

Mijadala ya nidhamu shuleni huishia kwenye fimbo. Hasira za mwalimu haziguswi, ilhali kwa mwanafunzi mwenye tatizo la tabia ndizo zinazolikuza.

Mwalimu akishaamini kuwa mtoto anafanya makusudi, anafoka. Darasa linanyamaza dakika moja, naye anaona kufoka kumesaidia, basi kesho anafoka zaidi. Na mtoto asiyejua kusoma akitolewa nje kipindi cha kusoma, amepata alichokitaka. Wiki ijayo atavuruga mapema zaidi.

Kabla ya kumwita sugu, apimwe. Wataalamu hawasemi mtoto ana maradhi ya kukosa utulivu na umakini mpaka dalili zidumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane shuleni na kwingineko pia, kama nyumbani. Zikionekana shuleni tu, chunguzeni kwanza macho, masikio na uwezo wake wa kusoma.

Halafu atengewe dakika 2 za maongezi kila siku, kwa siku 10 za masomo. Hata mwenye darasa la watoto 90 anazipata, madaftari yanapokusanywa. Mtoto achague mazungumzo: mpira, ng'ombe, baiskeli. Wengi huharibu hapa: wanaanza mawaidha, au wanazifuta siku aliyokosea. Zikifutwa zinageuka zawadi, na huyu kunyimwa zawadi amekwisha kuzoea. Mwanzoni anaweza hata kuzidisha vituko, kumpima mwalimu kama atamchoka.

Akivuruga, msogelee ubavuni, sema kwa sauti ya chini, "Fungua ukurasa wa 14," kisha ondoka. Ukimsimamia huku wenzake wanatazama, atakaidi ili asiaibike.

Kuhusu fimbo (sisi tungependa iondoke kabisa kwa watoto hawa), kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi 4, viandikwe kitabuni, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Anayechapa papo hapo kwa hasira, bila uteuzi huo, anavunja kanuni.

Wakuu wa shule nao waruhusu mwalimu aliyefika ukomo ashikiwe darasa na mwenzake kwa dakika 5. Kwa sasa anayeomba hivyo huambiwa darasa limemshinda.

Walimu wa elimu maalumu,
Morogoro