Malalamiko kuhusu lanchi boksi mlizotuuzia kwa safari ya meli

Dar es Salaam,
Februari.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA ZA LANCHI BOKSI, SAFARI YA MELI YA KITALII, BAHARI YA HINDI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wapanda milima ambacho mwezi uliopita mlikikatia safari ya meli ya kitalii, kupandia Port Louis, Morisi, kupitia Réunion na Madagaska hadi Mahé, Shelisheli. Meli yenyewe sina neno nayo. Vyumba visafi, wahudumu wakarimu, chakula cha kula na kusaza. Malalamiko yangu ni kwenu mliotuuzia safari, na yanahusu mstari mmoja wa ankara: “Lanchi boksi za wapanda mlima, bandari tatu, dola 18 kwa mtu kwa bandari.” Fedha hizo tulilipa zote kabla ya kuondoka, na risiti mlitutolea. Boksi hatukuliona, si la kwanza wala la tatu.

Nianze na kile mlichotuuzia, kwa sababu kwenye barua pepe yenu ya wiki jana mmekizungumzia kana kwamba tulikiota. Kipeperushi chenu kinasema safari hii ni ya “wanaopenda mlima na bahari kwa pamoja”. Ndicho kilichotuvuta. Mtu wa Dar anayetaka kukaa ufukweni hana haja ya kukata tiketi ya ndege. Sisi tulitaka kushuka kila bandari tukiwa na buti miguuni, tutembee mpaka mchana upinde, turudi kabla meli haijang’oa nanga. Mtu wa namna hiyo hawezi kukatisha njia saa saba arudi kula bafe ya melini. Atakula njiani au hatakula. Na yeyote aliyewahi kupanda Kilimanjaro au Meru anajua tukisema lanchi boksi tunamaanisha nini: kipande cha kuku, yai, ndizi, juisi, na keki iliyokwisha kupondeka chini ya begi. Kwa hiyo tuliuliza mapema, tena kwa maandishi, kama meli inaruhusu kushuka na chakula. Afisa mauzo wenu alijibu kwa ujumbe wa sauti ambao ninao mpaka leo: “Msiwe na wasiwasi, jiko la meli linawafungia, asubuhi mnapita mapokezi mnachukua.” Ndipo dola 18 zikaongezwa kwenye ankara.

Usiku wa kuamkia Réunion tulikwenda mapokezi kuulizia maboksi ya kesho. Dada wa pale alitafuta kwenye kompyuta, akapiga simu jikoni, akarudi na jibu kwamba hakuna oda yoyote kwa majina yetu, na isingeweza kuwepo, maana meli hiyo haifungi chakula cha abiria kushuka nacho. Akatuonyesha tangazo lililo kwenye ile karatasi ya ratiba inayoachwa vyumbani. Nyama, mayai, maziwa na jibini, matunda na mboga mbichi, na chochote kilichopikwa, visitoke melini. Maji ruksa, na biskuti au vitu vya aina hiyo vilivyofungwa kiwandani na ambavyo havijafunguliwa. Tulilipiga picha tangazo tukamtumia afisa wenu usiku uleule. Jibu lake, neno kwa neno: “Hayo matangazo yapo kila meli, watu wanabeba tu. Jazeni mifuko kwenye bafe asubuhi, mkishuka hakuna anayekagua.”

Wanakagua. Meli za abiria Réunion hutia nanga Le Port, magharibi ya kisiwa, na pale penye ngazi tulikuta walinzi, meza, mashine ya kukagulia mizigo na pipa. Mikate ya kuku ikaingia pipani. Ikafuata jibini, mayai, tufaha, ndizi. Mlinzi hakufoka hata kidogo. Alisema “samahani” kwa kila yai alilolitoa, na hilo lilizidisha aibu, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na foleni ndefu ya abiria waliokuwa wakitazama watu wazima wakipekuliwa mayai ya kuchemsha. Mmoja wetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Amenituma niwaambie kwamba katika maisha yake yote ya kazi yeye ndiye aliyekuwa akikagua mifuko ya wengine.

Sheria yenyewe siilalamikii, na naomba msijifiche nyuma yake. Réunion ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo ni ardhi ya Umoja wa Ulaya, na msafiri anayetoka nje ya Umoja huo haruhusiwi kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, hata kama ni kipande cha kula mwenyewe njiani. Sababu inaeleweka. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo na vya homa ya nguruwe ya Afrika vinaweza kubaki hai ndani ya nyama. Mabaki ya mkate wako yakitupwa yakaliwa na nguruwe wa mtu, wanaolipa ni wafugaji wa kisiwa kizima. Kwenye matunda ndiyo usiseme. Yule inzi anayewaliza wakulima wa maembe huku kwetu, anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaenea sehemu kubwa ya Afrika, na mwaka 2017 akaonekana Réunion. Watu walioona embe zao zikioza kwa funza wana haki ya kuliangalia begi langu. Jiko la meli nalo lina hoja yake: yai lililochemshwa alfajiri likazungushwa juani mpaka saa nane mchana, mtu akiharisha, lawama zinarudi kwa mpishi.

Hayo yote yanajulikana, tena na watu wasiouza safari. Ninyi mnauza bandari za kigeni kila msimu. Kujua nini kinapita kwenye ngazi ya meli na nini hakipiti ndiyo kazi tuliyowalipa muifanye.

Sasa siku yenyewe. Tulikwenda Dos d’Âne, kijiji kilicho milimani juu ya Le Port, kuzunguka njia ya Cap Noir na Roche Verre Bouteille. Kwenye kuchagua njia mlipatia, nakiri. Ina ngazi za chuma, ina poromoko la kukutoa jasho la viganja, na ukifika ukingoni unaliona bonde la Mafate lote chini yako, bonde lenye wakazi lakini halina barabara hata moja; huko watu huingia kwa miguu au kwa helikopta. Lakini ilikuwa Jumapili. Kipeperushi chenu kinataja soko la Saint-Paul kuwa mahali pa “kununua vitafunwa kabla ya kupanda”. Soko lile ni la Ijumaa na Jumamosi. Dereva wa teksi alituzungusha kutafuta duka, akakuta milango imeshushwa, akatuambia tungemwambia mapema angetupeleka kwenye duka la mikate kabla ya yote. Hakuna aliyejua kwamba tungehitaji mkate, kwa sababu tulikuwa tumeshaulipia Dar es Salaam.

Hapa naomba msome taratibu. Mama mmoja katika kikundi chetu ana kisukari na anachoma insulini. Fomu yenu ina sehemu ya “mahitaji maalumu ya chakula”, na aliijaza: anatakiwa kula kwa saa zake, akichelewa sukari inashuka. Baada ya ngazi za chuma alianza kutetemeka na kutoa jasho la baridi. Kilichomwokoa ni biskuti za pakiti ambazo mlinzi wa meli, yeye na si ninyi, alikuwa amemwambia kwamba hizo anaweza kushuka nazo. Tuliishia hapo, tukageuza. Fomu ile mliichukua ya nini kama hakuna aliyeisoma? Kwa mgonjwa kama yule ilitosha ofisi yenu kuandika mstari mmoja: beba biskuti za pakiti ambazo hazijafunguliwa, beba vidonge vya glukosi, vingine utanunua nchi kavu.

Tulikula hatimaye, kwa hisani ya watu tusiowajua. Wenyeji wa Réunion Jumapili hutoka kifamilia na masufuria, wanakoka moto, wanapika huko huko nje, na familia moja pale tulipoegesha teksi ilituona tukimpepea mgonjwa ikatuita. Wali, maharage, kachumbari kali ya nyanya, na mchuzi wa soseji. Soseji zilikuwa za nguruwe, kwa hiyo wenzetu Waislamu walikula wali na maharage na wakashukuru. Nalitaja hili kwa sababu kwenye fomu waliandika “halali”, na afisa wenu alisema boksi zao zitawekewa alama ya kijani. Kisiwa kile kina Waislamu wa siku nyingi. Msikiti wa Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa, ulifunguliwa mwaka 1905. Anayekijua kisiwa angewaelekeza wateja wake kwa wauzaji wa chakula cha halali, na sambusa za kule ni chakula cha kupandia mlima kuliko huo mkate wa kuku. Ninyi mliwapa ahadi ya alama ya kijani kwenye boksi ambalo halikuwepo.

Madagaska sitaisemea mengi. Wengi walibaki melini, kwa kuogopa kurudia ya Réunion.

Mahé ndiko tulikojua jambo lenyewe lilivyo jepesi. Tulishuka na maji peke yake, tukaenda sokoni Victoria, tukanunua ndizi, na jirani na soko tukafungiwa wali na mchuzi wa samaki kwenye vibakuli vya kubeba. Kilichonunuliwa kisiwani kinaliwa kisiwani. Marufuku ni ya kile kinachotoka melini. Tukapanda kilima cha Copolia, tukala juu ya ule mwamba mpana wa matale huku mji na visiwa vya mbele yake viko chini yetu, tukashuka na takataka zetu. Hapakuwa na mlinzi, pipa wala aibu. Huo ndio utaratibu ambao mngetueleza tangu mwanzo kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja, bure, na tungewapenda. Badala yake kila mtu alilipia chakula cha Mahé mara ya pili, juu ya dola 18 mlizokwisha kuzichukua.

Nakuja kwenye majibu yenu. Mmeandika kwamba “kanuni za meli ziko nje ya uwezo wetu”. Ni kweli, na hakuna aliyewaomba mzibadilishe. Mliombwa mseme ukweli juu yake. Mmeandika kwamba “huduma za nyongeza hazirejeshwi fedha”. Huduma isiyorejeshwa fedha ni ile iliyotolewa au iliyoachwa na mteja kwa hiari yake. Hii haikuagizwa kabisa: mapokezi ya meli yamethibitisha hivyo kwa barua pepe, nakala nimeiambatisha. Basi dola zetu zilikwenda kwa nani? Swali hili nimewauliza kwa simu na kwa WhatsApp, na kila mara najibiwa kuhusu punguzo la asilimia tano kwa safari ijayo. Punguzo sijaliomba. Asilimia tano ya safari nyingine ni njia ya kunifanya niwalipe asilimia tisini na tano.

Tunachodai ni hiki. Mrejeshe dola 54 kwa kila mwanakikundi, yaani fedha za bandari zote tatu, kwenye akaunti zilezile zilizolipa, na si kwa vocha. Mumwandikie yule mama barua ya kumwomba radhi kwa jina lake, itiwe saini na wewe Meneja na si na afisa mauzo. Na mstari wa lanchi boksi uondolewe kwenye kipeperushi na kwenye ankara kabla ya kundi la msimu ujao halijalipa, pamoja na habari ile ya soko la Saint-Paul. Nimeona wiki hii mstari huo bado upo kwenye tangazo lenu jipya, na bei imepanda kufikia dola 20.

Natoa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, shauri litakwenda Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mteja katika biashara, likiwa na ankara, risiti, picha ya tangazo la meli, barua pepe ya mapokezi na ujumbe wote wa sauti wa afisa wenu, pamoja na ule wa “hakuna anayekagua”.

Majibu yaje kwa maandishi. Simu sitapokea.

Wako,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wapanda milima.

Nakala: Wanakikundi wote.
Viambatisho: Ankara, risiti, picha ya tangazo, barua pepe ya mapokezi ya meli, ujumbe wa sauti.