Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Mtungi Tunao, Fedha ya Kuujaza Hatuna

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam, kuhusu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siandiki kuupinga. Nimepikia mkaa tangu utotoni, ninajua kifua kinavyobana msimu wa masika jiko linapoingizwa ndani na mlango ukafungwa, na hakuna haja ya kunieleza kwamba misitu inakwisha. Ninachokuletea ni hesabu ya nyumbani.

Mtu anayepata riziki yake kwa siku hununua kwa siku. Mkaa wa shilingi elfu moja unapatikana gengeni, unapika, na kesho ukijaliwa unanunua mwingine. Gesi haiuzwi hivyo. Mtungi wa kilo 6 hujazwa kwa mkupuo mmoja, kwa zaidi ya shilingi 20,000, na huenda anayejumlisha matumizi ya mwezi mzima akakuta kwamba mkaa ndio uliomgharimu zaidi. Jirani yangu ambaye ni mama lishe analijua hilo kuliko mimi na, pengine, kuliko wataalamu wako. Lakini elfu ishirini hazikai mikononi mwake zikiwa pamoja, kwa kuwa kabla hazijatimia zimeshaitwa na kodi ya chumba, nauli na madaftari. Alipata mtungi wa ruzuku, akaufurahia mpaka gesi ilipokwisha, na sasa wateja wanaokosa nafasi kwenye benchi wanaukalia. Ruzuku ilinunua chuma. Gesi ya kuingia ndani yake, ambayo tunaiagiza kutoka nje kwa dola, aliachiwa mwenyewe.

Upande wa umeme ndiko ninakoomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu huko kikwazo hakikuletwa na soko la dunia, kimo katika bei tulizojipangia wenyewe. Mteja wa kundi la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi afikishe uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Chukua nyumba inayotumia uniti 60 kwa taa, televisheni na friji dogo, kisha mwenye nyumba akaitikia wito wa Serikali, akanunua jiko la presha la umeme na kuongeza uniti 40 za kupikia. Uniti 75 za mwanzo zitamgharimu shilingi 7,500, na hizo 25 za juu yake shilingi 8,750, kabla ya kodi na tozo. Akiendelea hivyo anatolewa D1 na kupelekwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako hata taa aliyokuwa akiiwasha kwa bei nafuu itahesabiwa kwa karibu mara tatu. Kikomo cha uniti 75 kiliwekwa kumlinda mnyonge wakati umeme wake ulikuwa wa taa na redio, lakini leo kinamwadhibu kwa kufanya kile anachohimizwa kwenye mabango. Tena haya yanatokea nchi ikiwa na Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115.

Kuhusu agizo kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, nitasema jambo moja tu. Shule haina mfuko wake wa siri. Shule anayosoma mwanangu ilipofunga mfumo wa gesi, mchango wa chakula uliongezwa, nasi wazazi tukaarifiwa kikaoni kama watu wanaotangaziwa tarehe ya mtihani.

Ninaomba basi, Mheshimiwa, matumizi ya kupikia yazingatiwe katika kikomo cha D1, ama kwa kukipandisha, ama kwa kumtambua mteja mwenye jiko la umeme asihamishwe kundi kwa sababu ya jiko hilo. Ninaomba pia sehemu ya fedha za mitungi ielekezwe kwenye mita za gesi za kulipia kidogokidogo kwa simu, ambazo zimeshaanza kutumika katika baadhi ya nyumba hapa jijini, ili gesi nayo iweze kununuliwa ya elfu moja. Mama lishe hajawahi kuomba gesi ya bure.

Utakaposoma makadirio ya wizara yako bungeni, nitakuwa ninasikiliza redioni kama kikomo hicho cha uniti 75 kitatajwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Mbagala, Temeke