Rajabu, niwie radhi kwa arobaini ya mama

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Ndugu yangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Nuru mzima, Mwajuma anakusalimu sana. Joto la huku unalijua. Pole tena kwa mama, Allah amrehemu.

Juzi Chande alipita dukani akaniambia, "Rajabu anasema umemtupa." Usingizi ukaniruka. Miezi miwili sasa naandika ujumbe kwenye simu, nafuta, naandika tena. Jambo lenyewe halienei huko, ndiyo maana nimenunua karatasi.

Nilikuwa na tiketi, Rajabu. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, stendi ya Magufuli pale Mbezi, basi la Tanga la saa kumi na mbili asubuhi, nimepakata tende kilo mbili za khitma. Nikampigia Mwajuma kuuliza Nuru ameamkaje. Hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Basi likaanza kurudi nyuma, na moyo ukaanza kunienda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, pumzi haiingii. Sikuwa nadhani ninakufa, nilikuwa na hakika. Nikapiga kelele wanishushe. Kumbe Mwajuma alikuwa anamwogesha mtoto, simu iko chumbani.

Zile tende ziliondoka na basi.

Mwanzo wake ni lile degedege. Ulipiga simu kutoa pole, nikakujibu yamepita, tukahamia kwenye mambo mengine. Hayakupita. Nuru alikuwa na mwaka mmoja na nusu, masika, homa imepanda usiku. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutikisika mikononi mwangu. Tukadandia bajaji kwenda Mwananyamala, tukafika Mkwajuni maji yamejaa barabarani, magari hayaendi mbele wala nyuma. Mvua inapiga turubai, mimi nasikiliza kama mtoto anapumua. Alitulia kabla hatujafika. Wakampima, ni malaria, akatibiwa, siku ya tatu anakimbiza kuku uani kwa mama mwenye nyumba. Mimi nikabaki ndani ya ile bajaji.

Tangu hapo nikawa naamka saa nane usiku kuweka sikio puani kwake. Kipimajoto kinalala chini ya mto wangu. Nikiwa Kariakoo napiga nyumbani mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, mpaka Mzee akanionya mbele ya wateja. Hata kwenye mazishi ya mama uliniona natoka nje kila baada ya muda na simu sikioni, na tukaondoka usiku uleule. Chande alitaka tulale. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Ulidhani nina haraka ya biashara, na nikakuacha udhani hivyo kwa sababu mwanaume kusema "naogopa" mbele ya watu waliofiwa niliona ni aibu.

Baada ya ile siku ya stendi nilikwenda hospitali kupima moyo. Moyo mzima. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, hakunifukuza. Akaniuliza maswali saba, yote ya wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi nimeshindwa kuuzuia wasiwasi, ni mara ngapi nimeogopa kama kwamba kuna baya linakuja. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo juu kabisa ni 21. Kuanzia 15 wanahesabu wasiwasi ni mkali. Nilipata 17. Akaniandikia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili Muhimbili, na hapo miguu ikaisha nguvu. Unajua sisi tulivyokua, mtu akitajwa na akili kinachofuata ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Barua niliificha wiki tatu ndani ya Msahafu.

Kilichonitoa ni Nuru. Asubuhi moja nilimkuta amemlaza mwanasesere wake, amemwekea kiganja kwenye paji la uso, uso umekunjamana kama wangu. Akanigeukia: "Baba, na mimi nina homa?" Mtoto wa miaka mitatu na nusu. Nikaona woga wangu umeshahamia kwake. Siku hiyohiyo nikamwonesha Sheikh Mbaraka ile barua. Akanisomea dua, kisha akasema, "Kesho nenda, na ukitaka nitakusindikiza." Alinisindikiza, Rajabu.

Mshauri wangu ni mama wa makamo, anasikiliza sana. Kwanza alinieleza degedege la homa lenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu: huwapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mengi hukoma ndani ya dakika chache, na aghalabu hayaachi madhara kwenye ubongo. Likitokea, mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, uangalie saa. Likipita dakika tano ni kukimbia hospitali, na hata likikoma mapema homa ipimwe malaria. Nimeyaandika, yako ukutani jikoni. Waambie na shemeji, mna mdogo pale nyumbani.

Halafu akanifunua macho juu ya simu. Kila nikipiga napata nafuu ya dakika kumi, na ile nafuu ndiyo inayonifundisha kupiga tena. Kwa hiyo tunapunguza. Kumi na mbili zikawa sita, sasa ni mbili, kwa saa tulizopanga na Mwajuma. Wiki ya kwanza ya simu sita nilitetemeka dukani kama mtu aliyenyimwa sigara. Wasiwasi nao una saa yake, saa kumi na moja jioni, nusu saa na daftari. Ukija asubuhi nauambia usubiri jioni. Kuna siku unasubiri. Kuna siku hausubiri, basi natoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninayovuta, mpaka mawimbi yapungue. Yanapungua, sasa najua, hata nisipofanya lolote.

Lakini arobaini hairudi. Mama alinipa kitanda cha marehemu kaka yako nilipokuja kusoma Tanga, na siku ya kumsomea sikuwepo. Hilo mshauri hakunipunguzia, na sikumwomba anipunguzie. Nakuomba wewe radhi.

Zoezi langu linalofuata ni kulala usiku mmoja mbali na nyumbani. Nimesema Tanga. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikija, utanipokea? Utanipeleka kaburini, hata kama bado una kinyongo? Naweza kukupigia nikifika Segera, na tena Muheza, uongee nami tu, habari yoyote, hata ya Coastal Union? Na wewe unalala tangu mama aondoke? Chande anasema umekonda na hukai barazani tena. Kuna mtu unayezungumza naye huko? Shemeji anajua?

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Nitakuwepo stendi ya Kange jioni ile, na tende.

Ndugu yako,
Omari