Protini yako haijakataa kutoka

Rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi. Picha ya jeli yako, ile inayopanga protini kwa ukubwa, nimeipata, nikaitazama hadi macho yakauma. Unasema bakteria wako wa Escherichia coli hawaitoi protini uliyowapa kwenda ng'ambo ya utando wao wa ndani. Usiwalaumu bakteria bado. Protini ipo, tena tele, ila imeganda madonge ndani ya seli kwa sababu umeiharakisha.

Milango ya Sec, inayopitisha protini kwenye utando wa ndani, ni michache, na protini hupenya ikiwa bado uzi, haijajikunja, huku SecA, injini ya mlango huo, ikiisukuma kwa kutumia ATP, nishati ya seli. Wewe umewasha promota ya T7, swichi ya jeni lako, kwa nguvu zote kwa nyuzi 37. Foleni imejaa, waliochelewa wamejikunja wakiwa ndani, na aliyekwisha kujikunja hapiti tena. Shusha joto hadi 20, punguza IPTG, kemikali inayowasha swichi hiyo, uache chupa usiku kucha. Najua kusubiri kunakuudhi.

Halafu peptidi ya ishara yenyewe, kile kipande cha mwanzo wa protini kinachoielekeza mlangoni kisha kinakatwa. Günter Blobel, mwanabiolojia wa seli, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani yake, lakini anwani ipi inamfaa nani bado tunapapasa. Peptidi ya PelB unayotumia ina asidi amino 22 na ni nzuri, ila jaribu pia ya OmpA na ya DsbA. Hii ya DsbA ndiyo ningeanza nayo: hushikwa na SRP, chombo cha seli kinachoipeleka protini kwenye utando, wakati ribosomu bado inaunda protini, kwa hiyo haipati nafasi ya kujikunja kabla ya kufika mlangoni.

Angalia na herufi ya kwanza, yaani asidi amino, baada ya mahali pa kukatia. Mimi niliwahi kupoteza wiki tatu nikishangaa kwa nini mstari wangu kwenye jeli uko juu kwa takriban kilodaltoni 2. Protini ilianza na prolini, na kimeng'enya kinachokata peptidi hakiwezi kukata mbele ya prolini! Nikachomeka alanini moja katikati, mambo yakaenda. Niliona aibu kumwambia mtu.

Wazo la Tat, mlango mwingine wa utando huo, liache kwanza. Ndiyo, hupitisha protini zilizokwisha kujikunja, lakini yako ina vifungo vya salfa, na vifungo hivyo hufungwa na kimeng'enya DsbA huko nje ya utando wa ndani. Ikijikunja ndani, itafika bila vifungo.

Kumbuka kuwa Escherichia coli ina tando mbili na protini yako hubaki katikati yake, basi usiitafute kwenye maji ya kuoteshea. Loweka seli kwenye sukari ya asilimia 20 yenye EDTA, kemikali inayolegeza utando wa nje, kisha uzimwagie maji baridi ghafla, utando wa nje uachie. Pima beta-galaktosidase, kimeng'enya kinachokaa ndani kabisa ya seli, kwenye maji hayo: ukiikuta nyingi, umepasua seli nzima na matokeo hayana maana.

Nitumie herufi thelathini za mwanzo za protini yako nizitazame jioni.

Wako,
Salma